Shanga ya Sita

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi kuhusu molekuli ya damu na umbo lake, mbele ya wazazi na wanafunzi wa klabu ya sayansi, hapa Mwanza. Kwa waliokuwa kazini, waliokuwa safarini, na yule mama aliyenipigia simu akiwa wodini na mwanawe, nimeyaandika yote. Picha za ukutani nimeziacha.

Mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi wangu, wanafunzi: itifaki imezingatiwa. Shikamooni wakubwa. Wadogo, marahaba kwa wale mlioniamkia pale mlangoni.

Nimekuja na vitu viwili mkobani: yai la kuchemsha na uzi wa shanga. Naona akina mama huko nyuma wameanza kutazamana. Hapana jamani, shanga hizi si za kiunoni. Nimezinunua sokoni juzi, nikazitunga na binti wa dada yangu mpaka saa sita usiku, na leo zina kazi nyingine.

Nianze na huyo binti, kwa ruhusa yake na ya mama yake.

Alizaliwa mnono, mchangamfu, majirani wakawa wanapokezana kumbeba. Alipofika miezi minane, asubuhi moja tukamkuta mikono na miguu imevimba, vidole vimekuwa kama ndizi sukari. Ukimgusa analia. Tukampeleka kituo cha afya kimoja, tukaambiwa malaria. Tukarudi baada ya wiki mbili: malaria. Mara ya tatu: malaria. Nyumbani nako wakaja wenye majibu yao, kwamba hapo kuna mkono wa mtu. Ndugu wa shemeji yangu wakamshauri amrudishe mke kwao, eti ukoo wetu una damu mbaya.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni nasomea maabara. Somo la damu nilikuwa nimelifaulu kwa alama ambazo baba alizitangaza kijiji kizima. Nikambeba yule mtoto usiku kucha, na sikujua anaumwa nini. Mnanielewa? Nilikuwa na alama, sikuwa na jibu.

Hatimaye daktari mmoja, tena kijana, akaagiza kipimo kingine. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Na hapo ndipo swali moja likaanza kunisumbua: kwa nini miezi minane? Kama amezaliwa nayo, kwa nini isimguse siku ya kwanza? Lishikeni hilo swali. Tutalirudia.

Sasa twende kwenye molekuli, yaani atomi zilizoshikana pamoja, maana jibu liko humo.

Molekuli ya maji ina atomi 3. Molekuli ya sukari, hii ya chai, ina atomi 45. Himoglobini, ile inayoifanya damu iwe nyekundu na kubeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni, ina atomi karibu 10,000. Na ndani ya chembe nyekundu moja ya damu, ambayo yenyewe huwezi kuiona kwa macho, zimepangana himoglobini kama milioni 270. Hizi ndizo tunaziita molekuli kubwa. Ni kubwa kwa wenzake. Kwetu sisi ni ndogo kuliko chochote tulichowahi kushika.

Zimetengenezwaje? Zimetungwa. Mwili una aina 20 za shanga, zinaitwa asidi amino. Unazitunga kwenye uzi kwa mpangilio maalumu, na uzi huo ndio protini. Huu nilioushika una shanga 146. Ndio mnyororo unaoitwa beta. Himoglobini moja ina minyororo minne: miwili kama huu, na miwili ya alfa, kila mmoja shanga 141.

Lakini mwili hauuachi uzi umenyooka hivi. Unajikunja. Na haujikunji ovyo kama ninavyoufinyanga mimi kiganjani. Shanga zinazopenda maji zinakaa nje, zinazoyakimbia, zile zenye tabia ya mafuta, zinajificha ndani, na mwisho uzi unatulia kwenye umbo moja tu, lilelile, kila mara.

Hilo yai linaingia wapi? Ute wa yai bichi unapitisha mwanga, unateleza. Ukichemka unakuwa mweupe, mgumu. Je, kuna kitu umeongeza? Hakuna. Kuna kitu umetoa? Hakuna. Shanga ni zilezile, kwa mpangilio uleule. Kilichoharibika ni mkunjo. Na hili hapa sasa, hata kuku alilalie mwezi mzima, halitoi kifaranga. Umbo ndilo kazi. Protini ikipoteza umbo imepoteza kazi. Wanafunzi, semeni nami: umbo ndilo kazi. Wazazi nanyi, msione haya.

Basi watu waliyajuaje maumbo ya vitu wasivyoweza kuviona?

Hadithi ya kwanza inaanzia Chicago. Mwishoni mwa mwaka 1904 alifika huko kijana kutoka Grenada, kisiwa cha Karibi, akasomee udaktari wa meno. Aliitwa Walter Clement Noel. Akawa anaugua mara kwa mara. Madaktari wakatazama damu yake kwa hadubini wakaona chembe ndefu, zilizopinda kama mundu, na mwaka 1910 daktari James Herrick akaandika habari zake. Ndipo ugonjwa ulipoingia vitabuni. Ulikuwepo kwetu zamani sana, tena una majina katika lugha nyingi za Afrika, lakini vitabu vina tabia ya kuhesabu kuanzia siku vilipoandikwa.

Hadubini ikaishia hapo. Ilionyesha mundu, haikuonyesha kwa nini.

Mwaka 1945 mkemia wa Marekani, Linus Pauling, alikuwa akizungumza na daktari aitwaye William Castle. Castle akamwambia kwamba chembe hizi hupinda zinapokosa oksijeni, na zikiipata nyingi hunyooka. Pauling akashtuka. Kinachobeba oksijeni ni nini? Ni himoglobini. Basi tatizo si la chembe nzima, ni la molekuli iliyomo ndani! Kazi ya kulithibitisha akamkabidhi kijana wake wa maabara, Harvey Itano, Mmarekani mwenye asili ya Japani.

Itano na wenzake wakachukua himoglobini wakaiyeyusha, wakaiweka kwenye mrija na kupitisha umeme. Molekuli yenye chaji huvutwa na umeme, na kila moja huenda kwa mwendo wa chaji yake. Himoglobini ya mtu asiye na ugonjwa ikaenda kivyake, ya mgonjwa ikaenda kivyake. Na ya mtu aliyebeba jeni moja tu ya ugonjwa huu, yaani agizo alilorithi kwa mzazi mmoja, ambaye haumwi? Ikagawanyika mafungu mawili, moja huku, moja kule. Hiyo ni 1949. Kwa mara ya kwanza ugonjwa wa binadamu ukafuatiliwa mpaka kwenye molekuli moja. Ukapata anuani.

Wazazi, hapo kwenye mafungu mawili nataka tukae kidogo. Mtu mwenye jeni moja hana ugonjwa. Anaishi, analima, anacheza mpira. Mtoto anaugua akipata jeni mbili: moja ya baba na moja ya mama. Nasema tena: moja ya baba na moja ya mama. Yule shemeji aliyeshauriwa amrudishe mke kwao, naye alikuwa nayo! Ndugu zake walikuwa wanatafuta damu mbaya ya ukoo wetu, kumbe nusu yake wamekaa nayo sebuleni. Na wanapokutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Kila mimba. Si kwamba ukishapata mmoja basi watatu wanaofuata wamepona. Nimekutana na baba aliyehesabu hivyo, akapata wa pili, akanijia na hasira kama vile mimi ndiye nilimdanganya.

Tuendelee. Molekuli ni tofauti, sawa. Lakini ina umbo gani? Hapa anaingia mkemia Max Perutz.

Perutz alizaliwa Vienna, akaenda Cambridge mwaka 1936 kusoma, na mwaka 1937 akaanza kazi ya himoglobini ya farasi. Njia yake ilikuwa fuwele. Chumvi ikikauka hufanya chembechembe zenye pembe safi. Ndizo fuwele, molekuli zimejipanga safu kwa safu kama matofali. Protini nazo, ukizibembeleza, zinaweza kujipanga hivyo. Kisha unazipiga eksirei.

Eksirei hii haitoi picha kama ile ya mfupa uliovunjika. Usiku wa leo fanyeni jaribio. Chukua mtandio mwembamba wa mama, uuweke mbele ya jicho, utazame taa ya mbali, hata ya mtumbwi wa dagaa kule ziwani. Utaona taa moja imezaa vidoa vingi vya mwanga, vimejipanga kama msalaba. Huuoni uzi wa mtandio, sivyo? Lakini vidoa vile vimepangwa na nyuzi. Kitambaa kikifumwa karibu karibu, vidoa vinaachana zaidi. Kwa hiyo mtu mwenye subira na hesabu anaweza kutazama vidoa peke yake akakwambia kitambaa kimefumwaje. Ndicho alichokifanya Perutz: fuwele ndiyo mtandio, eksirei ndiyo taa, na vidoa vilikuwa maelfu.

Tatizo ni kwamba vidoa vinakupa nusu ya habari. Nusu nyingine inapotea. Perutz alipiga picha, akapima, akahesabu, mwaka baada ya mwaka, bila jibu. Vita vilipoanza, Waingereza walimkamata mwaka 1940 kama raia wa nchi adui, wakampeleka kambini Kanada, ilhali wazazi wake walikuwa wamewakimbia hao hao adui. (Itano naye, kule Marekani, alifungiwa kambini pamoja na familia yake kwa sababu ya asili yao.) Akarudi, akaendelea. Mwaka 1951 mwanafunzi wake, Francis Crick, akasimama kwenye semina akaeleza kwamba njia zote wanazotumia haziwezi kuwafikisha popote. Fikirini, mwanafunzi anamwambia mwalimu wake hivyo mbele za watu! Na mbaya zaidi, alikuwa sahihi.

Mwaka 1953 Perutz akapata ufunguo. Alibandika atomi za zebaki kwenye himoglobini. Zebaki ni nzito. Ikikaa mahali pamoja kwenye kila molekuli inabadilisha ukali wa vidoa, na ule ubadilikaji unakurudishia nusu ya habari iliyopotea. Hata hivyo hesabu zilimchukua mpaka 1959. Toka 1937 mpaka 1959, wanafunzi wangu. Miaka 22 kwa umbo la kitu kimoja. Tuzo ya Nobel aliipata 1962, pamoja na mwenzake John Kendrew aliyekuwa ametangulia kulipata umbo la protini ndogo ya misuli ya nyangumi.

Na umbo hilo lilisema nini? Minyororo minne imekumbatiana, kila mmoja umebeba kipande chenye chuma, na oksijeni inakaa kwenye chuma. Molekuli inapopokea oksijeni minyororo inasogea, inabadilisha mkao. Inapoiachia inarudi. Inapumua! Himoglobini nayo ina pumzi yake. Umbo ndilo kazi.

Katika maabara hiyo hiyo ya Cambridge alikuwapo Vernon Ingram, naye mkimbizi, kutoka Ujerumani. Akauliza swali dogo: himoglobini ya selimundu inatofautiana na nyingine kwenye shanga ipi? Akachukua kimeng'enya kiitwacho tripsini, kinachokata uzi sehemu zilezile kila mara. Akapata vipande vifupi, akavidondosha kwenye karatasi, akavitembeza kwa umeme upande mmoja na kwa kimiminika upande wa pili, kisha akavipaka rangi. Karatasi ikatoka na madoa mengi. Akaweka karatasi ya damu ya kawaida na ya mgonjwa sambamba. Doa kwa doa zikafanana. Isipokuwa moja. Doa moja lilikuwa limehama.

Njoo hapa, binti, wewe wa mstari wa mbele. Hesabu kutoka mwanzo wa uzi. Moja, mbili, tatu, nne, tano... ya sita ina rangi gani? Nyekundu. Nyingine zote? Nyeupe. Asante, kaa.

Hiyo ndiyo selimundu. Basi. Shanga 146, imebadilika ya sita peke yake. Palipopaswa kuwa na asidi ya glutamiki pamewekwa valini. Na kwenye maandishi ya vinasaba, yaani DNA, yanayotoa agizo hilo, ni herufi moja iliyobadilika: A imekuwa T. Badiliko hilo la shanga moja Ingram alilitangaza 1956 na 1957.

Mtauliza, shanga moja ina nini? Glutamiki ina chaji, inapenda maji, inafaa kukaa nje. Valini ni ya mafuta, inayakimbia maji, lakini pale iliposhonwa ni nje, uchi, haina pa kujificha. Himoglobini inapokuwa na oksijeni, mambo si mabaya. Inapoiachia na kubadilisha mkao, kwenye himoglobini ya jirani panafunguka kijishimo kinachoitosha valini ile. Inajichomeka. Jirani naye anachomekewa na jirani yake, wanashikana mlolongo, mpaka inakuwa kamba ngumu ndefu zinazosukuma chembe kutoka ndani. Chembe inanyooshwa, inapinda, inakuwa mundu. Mundu haupiti kwenye mishipa myembamba. Unakwama, damu nyuma yake inakwama, na mfupa usiopata damu unauma maumivu ambayo mtoto hawezi kuyaeleza. Chembe nzima huishi siku 120. Hizi huvunjika ndani ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana mtoto anaishiwa damu na macho yanakuwa ya njano.

Sasa mnaelewa kwa nini mnaambiwa mtoto anywe maji mengi? Maji yakipungua mwilini, himoglobini zinasongamana ndani ya chembe, ni rahisi kushikana. Kwa nini asipigwe baridi? Mishipa hubana, damu hupita polepole, oksijeni inaisha njiani. Masharti ya kliniki hayakutungwa na nesi mkali, yametoka kwenye umbo la molekuli.

Na lile swali la miezi minane? Mtoto akiwa tumboni hatumii mnyororo wa beta. Anatumia mwingine, gama, ambao hauna kosa hili. Anazaliwa akiwa bado na akiba ya himoglobini ya kitoto, na akiba hiyo inamlinda. Kadiri miezi inavyokwenda beta inachukua nafasi, na karibu na nusu mwaka ugonjwa unajitokeza. Hakuna aliyemloga mtoto wa dada yangu alipofika miezi minane. Mwili wake ulikuwa umebadilisha uzi.

Hapo hapo pana habari njema, kwa sababu dawa ya haidroksiyurea, hivi vidonge ambavyo baadhi yenu mnavyo nyumbani, inauamsha mwili utengeneze tena himoglobini ya kitoto. Na tiba mpya ya kuhariri jeni, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, inakwenda njia hiyo hiyo: inachukua chembe mama za mgonjwa, zile zinazozaa chembe za damu, inakata swichi inayoizima gama, inazirudisha. Bei yake iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nimesikia watu wameguna. Guneni.

Maana kuna jambo moja linaniuma. Damu iliyofundisha ulimwengu mengi kuhusu ugonjwa huu ilikuwa ya kwetu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, ndiye aliyegundua kwamba jeni hii imejaa pwani na kando ya ziwa hili, na ni adimu nyanda za juu zenye baridi. Akajiuliza, nini kipo huku na hakipo kule? Mbu. Jeni moja humkinga mtu na malaria kali, ndiyo sababu haikupotea. Mwaka 1954 alitangaza, pamoja na mambo mengine, jaribio la wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea kuambukizwa malaria. Kati ya 15 wasio na jeni, 14 walionekana na vimelea. Kati ya 15 wenye jeni moja, ni 2. Jina la Allison tunalifundisha. Majina ya wale 30 nani anayafundisha? Jaribio la namna hiyo leo lingepita kwenye kamati nyingi za maadili, na ni haki. Angalau sasa kazi inafanywa hata na watu wetu: Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuandikisha wagonjwa na kuwafuatilia, wakafika maelfu.

Kwa wanafunzi, haraka kwa sababu naona mkuu anatazama saa: miaka 22 ya Perutz haitakuwa yenu. Siku hizi protini hugandishwa ghafla kwenye tabaka jembamba la barafu na kupigwa picha kwa hadubini ya elektroni, hata bila fuwele. Nobel ya kemia ya 2017. Na programu ya kompyuta iitwayo AlphaFold inausoma mpangilio wa shanga na kukisia mkunjo. Nobel ya 2024 iligusa hilo. Maumbo yaliyokisiwa ni zaidi ya milioni 200, mengi yanafunguka bure kwenye simu hiyo uliyoificha chini ya dawati. Lakini kukisia ni kukisia. Lazima mtu aingie maabara ahakikishe, na sioni kwa nini mtu huyo asitoke kwenye chumba hiki.

Binti wa dada yangu yuko kidato cha pili sasa. Juzi usiku, tulipofika shanga ya tano, alininyang'anya uzi. "Mama mdogo, ya sita naiweka mimi." Akaichagua nyekundu mwenyewe.

Wenzangu wako nje chini ya mwembe na vipimo. Unachomwa kidole, unasubiri dakika chache. Akina baba, nawaona mnaangalia mlango. Foleni ya kwanza ni yenu.